Cherehani ya Ukurasa wa Mbele

Delbert Stroud alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na kama hujawahi kukaa nyumba moja na fundi wa mabasi ya shule, hujui majivuno ni nini. Miaka thelathini na moja katika gereji ya wilaya hapa Zanesville, Ohio, hakuna basi lililomshinda. Lililomshinda, alisema lilikuwa limeshakufa kabla hajaitwa. Mdomo wake haukuwa na breki, na kazi yake ilikuwa kutengeneza breki.

Mwaka ule mdomo ulimponza. Mwezi wa kumi cherehani ya mkewe, Verna, ilianza kukwama. Ilikuwa cherehani aliyoachiwa na mama yake, nzito kama jiwe la kusagia, na fundi pekee aliyeijua alikuwa mjini Columbus.

"Columbus ya nini?" Delbert akasema. "Mtu anayefumua injini ya dizeli akashindwe na kitu cha kushonea vifungo?"

Akaibeba mpaka gereji. Akaifumua, akaipaka grisi ile ile ya gia za basi, akaifunga, akairudisha akipiga mluzi. Verna alipoiwasha ililia mara moja, ikatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, ikanyamaza. Mezani kule gereji zilibaki skrubu tatu ambazo Delbert hadi leo hajui zilitoka wapi.

Verna hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Delbert. Aliifunika cherehani kwa taulo jeupe kama anayefunika maiti, akasema neno moja tu: "Mtoto wa Janelle anazaliwa Januari."

Janelle ni binti yao. Na katika ukoo ule, tangu enzi za bibi yake Verna, kila mtoto alifungwa siku ya kwanza katika mfarishi wa nyumbani, yaani vipande vya mashati ya zamani, vya magauni na mapazia, vimeshonwa pamoja mpaka vikawa blanketi. Watoto kumi na tisa, mifarishi kumi na tisa. Vipande vya wa ishirini vilikuwa vimeshakatwa, vimepangwa ndani ya boksi la viatu, na kitu cha kuvishonea hakuna.

Basi ukiniuliza Delbert alikuwa na deni gani duniani mwezi ule, nitakuambia hilo tu. Cherehani. Madeni mengine ya binadamu yangeweza kungoja.

Ikafika Sikukuu ya Shukrani. Kwetu, ukishamaliza batamzinga na pai ya maboga, meza hupanguswa, na wanawake wanamwaga vipeperushi vya maduka vilivyokuja na gazeti la asubuhi, rundo zito kuliko gazeti lenyewe. Wanavikagua kwa kalamu nyekundu kama majenerali wanaokagua ramani, maana kesho yake ni Ijumaa Nyeusi. Milango inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na kitu kinachouzwa kwa nusu ya bei kinakuwa kidogo, na watu wanakuwa wengi. Verna alikuwa ameongoza kikosi chake miaka ishirini na miwili bila kurudi mikono mitupu hata mara moja. Delbert miaka hiyo yote alibaki kwenye kochi, akila mabaki ya batamzinga kwa mikono na kuwapigia kelele: "Watu wazima kukesha kwenye baridi kugombea mataulo! Mngenipeleka mimi ningemaliza kwa dakika kumi."

Lakini Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu, Verna aliteleza kwenye ngazi za baraza akiwa na pai mbili mikononi. Pai zilikufa, kifundo cha mguu kikavunjika. Sikukuu ilimkuta kwenye kochi, mguu ndani ya plasta, juu ya mito mitatu. Na kwenye kipeperushi cha lile duka kubwa la karibu na barabara kuu palikuwa na cherehani nzuri kwa bei ambayo pesa ya Verna iliyokuwa kwenye bahasha ingeitosha. Chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: ziko nane tu.

Verna akamwita mumewe. "Mwaka huu unakwenda wewe."

"Mimi?"

"Si ulisema dakika kumi? Utafuatana na Arlene na Twyla." Arlene ni dada yake Verna, mwanamke mrefu asiyecheka mpaka aone risiti. Twyla ni jirani, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto mia nne waje kula. "Arlene kapangiwa soksi na mataulo ya ukoo mzima. Twyla anachukua wanasesere wa wajukuu wake. Wewe una kazi moja. Moja, Delbert. Cherehani. Iko ukurasa wa mbele. Kabla mlango haujafunguliwa, wafanyakazi watapita kwenye foleni wakigawa tiketi, moja kwa kila cherehani. Pokea tiketi, itie mfuko wa kifuani, funga kifungo, usiitoe mpaka ufike kaunta."

"Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Basi nenda kama mtoto wa chekechea. Usitie akili yako."

Kisha akampa kofia. Verna mwenyewe alizifuma miaka iliyopita, za sufu, rangi ya chungwa kali ya kuumiza macho, ili watu wake wasipoteane katika umati. Sheria ilikuwa moja: ukipotea, tafuta kofia ya chungwa, simama nyuma yake.

Sasa hapo ndipo penye kasoro, na wewe kama ni mtu wa Ohio umeshaiona. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Na mwindaji huvaa nini kichwani ili mwenzake asimdhanie kulungu? Chungwa hilo hilo. Miaka yote ile duka liliuza mataulo na wanasesere siku hiyo, kofia za Verna ziking'aa peke yake kama taa. Mwaka huu duka liliamua kushusha bei za vitu vya uwindaji pia.

Walifika saa tisa usiku. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na foleni ilishaupita ukuta wa duka na kupinda kona. Kuna watu walioleta viti, kuna mama mmoja aliyeleta jiko la gesi anakaanga soseji, na kikundi cha mabinti waliojifunika blanketi moja kama kiwavi. Delbert alitazama akaona ni uwendawazimu mtupu.

"Hawa wote wana akili timamu?" akauliza.

"Shemeji, nyamaza, simama," Arlene akasema. "Ukiongea sana unameza baridi."

Akasimama. Akasimama saa nzima. Kisha chai aliyokunywa ikataka kutoka, naye akawaaga, akavuka barabara mpaka kituo cha mafuta. Huko nako kulikuwa na foleni. Aliporudi, walinzi wa duka walikuwa wameigawa foleni kwa kamba: mkono wa kulia inaelekea mlango mkubwa, mkono wa kushoto inaelekea mlango wa upande wa bustani. Wenye kusimama waliambiwa kwa kipaza sauti nani aende wapi. Delbert wakati huo alikuwa msalani.

Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Pale alipoacha watu wake palikuwa na kamba. Miwani imefunga ukungu, taa za uwanja wa magari zinafanya kila mtu awe koti tu lisilo na uso. Akakumbuka sheria. Akatafuta kofia ya chungwa. Na kweli, hiyo hapo mkono wa kushoto, juu ya mtu mrefu mwenye koti nene, amempa mgongo. Arlene. Akaenda akasimama nyuma yake kimya, kwa kuwa aliambiwa asiongee sana.

Unajua kilichompoteza hasa? Alijisikia nyumbani. Nyuma yake akaja bwana mmoja aitwaye Lyle, seremala kutoka kijiji cha jirani, na Lyle akaanza habari za Jumatatu, upepo utatoka wapi, kulungu wamehamia bonde gani. Delbert akajibu, akachangamka, akamsimulia yule dume mwenye pembe za ncha kumi aliyemkosa miaka mitatu nyuma, na ncha zikaongezeka kadiri hadithi ilivyoendelea. Akawaza: kumbe foleni zenyewe ndizo hizi! Miaka ishirini na miwili Verna ananificha. Mara moja moja alishangaa mbona wanawake wamepungua, mbona hakuna anayezungumzia mataulo. Lakini kofia ya Arlene ilikuwa pale pale mbele yake, na yeye aliishikilia kwa macho kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake sokoni.

Saa kumi na nusu akapita mfanyakazi wa duka, msichana mwenye pua nyekundu kwa baridi, na kibunda cha tiketi.

"Na wewe mzee, ile ya ukurasa wa mbele?"

"Hiyo hiyo, binti yangu. Ukurasa wa mbele."

Kipeperushi kile kilikuwa na sehemu nne, ya jikoni, ya watoto, ya nyumbani, ya nje, na kila sehemu ilikuwa na ukurasa wake wa mbele. Hilo Verna hakulitaja, maana kwa Verna kulitaja ni sawa na kumwambia mtu aingie chumbani kwa kupitia mlango.

"Umepata ya mwisho," msichana akasema. "Wengine poleni sana."

Nyuma, Lyle akaguna kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Delbert akaitia tiketi mfuko wa kifuani, akafunga kifungo, akakipapasa. Dakika kumi! Aliona tayari uso wa Verna.

Mlango ukafunguliwa. Nimewahi kuona ng'ombe wakifunguliwa zizini baada ya majira ya baridi, na nakuambia ng'ombe wana adabu. Delbert alisukumwa, akazungushwa, akaingia dukani kinyumenyume. Mbolea, mifuko ya mbegu za ndege, majembe ya theluji. Cherehani ziko wapi? Akamshika yule wa kofia ya chungwa mkono wa koti.

"Arlene! Polepole basi!"

Kofia ikageuka. Chini yake palikuwa na ndevu nyekundu mpaka kifuani.

"Mzee," ndevu zikasema, "umri huu wote sijawahi kuitwa Arlene."

Delbert akatazama kulia. Kofia ya chungwa. Kushoto, kofia za chungwa sita. Mbele yake kofia za chungwa hazihesabiki, zinaruka kama moto wa nyasi, na chini ya kila moja uso asioujua. Akasukumwa mpaka kaunta. Mkono wa muuzaji ukanyooshwa, akatoa tiketi, akalipa kwa bahasha ya Verna, akapewa boksi refu kumshinda yeye mwenyewe.

"Cherehani gani hii?" akauliza.

Kijana wa kaunta akalitazama boksi, akamtazama yeye. "Cherehani? Mzee, hii ngazi ya kuwindia."

Ilikuwa ngazi yenye kiti juu, ile unayoiegemeza mtini ukakaa kama mfalme kungoja kulungu. Picha yake ilikuwa juu ya boksi. Na hapa lazima niseme ukweli, hata kama unamwaibisha rafiki: Delbert aliitamani ngazi ile miaka tisa. Miaka tisa alikuwa akiwinda amekalia ndoo ya rangi, na mgongo wake ulikuwa na maneno makali kuhusu ndoo hiyo.

Lyle akajipenyeza, jasho linamtoka na ni Novemba. "Kaka, nakupa bei uliyolipa na dola ishirini juu. Ishirini na tano."

Delbert akafungua mdomo aseme chukua. Kilichotoka ni: "Hapana, ndugu yangu. Hii ni bahati yangu."

Alisema hivyo, kwa mdomo wake mwenyewe. Lyle akamtazama kama ambavyo ungemtazama mtu uliyemgawia chai yako baridini, maana kweli alimgawia, akaondoka.

Delbert akaliburuta boksi hatua ishirini, akasimama. Bahasha ilikuwa tupu. Kwa mbali, juu ya rafu, aliona bango limeandikwa VYA KUSHONEA. Akaenda, boksi likigonga miguu ya watu, wao wakimtukana na yeye akiwaomba radhi. Akapita bibi aliyekalia boksi la televisheni, anafuma huku akimngoja mwanawe. Akapita akina dada wawili wanabadilishana katikati ya njia, wewe nipe farasi nikupe mwanasesere, bila hata kusalimiana. Akauliza mtu: "Hapa mnabadilishana tu hivi hivi?"

Kwenye vya kushonea palikuwa na jukwaa tupu la mbao na kipande cha karatasi sakafuni. Nane zote zilikuwa zimekwenda.

"Delbert Stroud!" Sauti ya kuita watoto mia nne. Twyla alikuwa amening'inia kwenye toroli, kofia imepinda. "Ulikuwa wapi? Arlene kakulindia nafasi mpaka kagombana na mlinzi! Tiketi imepita hapo hapo kwenye nafasi yako, na mtu mwenyewe hayupo! Na hicho nini?"

"Ngazi," Delbert akasema.

"Ngazi ya nini?"

"Ya kupandia mtini."

Twyla akalisoma boksi taratibu, herufi kwa herufi. "Verna kavunjika mguu, wewe unamnunulia ngazi."

"Nilifuata kofia!"

"Kofia gani?"

Akaonyesha. Twyla akageuka, akaona chungwa kila upande kama shamba la maboga. Halafu akashusha pumzi. "Unaitaka hiyo ngazi?"

Delbert akalitazama boksi. Ndipo hasa palipokuwa na mtihani, siyo kwenye foleni. Akapitisha kidole juu ya ile picha, yule mtu aliyekaa juu mtini na mgongo wake umeegemea. "Naitaka," akasema. "Lakini sikuja kwa ajili yake."

Twyla hakungoja la pili. Akapanda chuma cha chini cha toroli, akaweka mikono mdomoni. "Jamani! Nani ana cherehani na mume wake anawinda? Ngazi ya kiti hii hapa, ya mwisho, haijafunguliwa!"

Watu wakageuka, wakacheka, wakaendelea na shida zao. Twyla akapiga tena. Mara ya tatu mwanamke mnene mwenye uso wa huruma akatokea nyuma ya rafu ya mapazia, na ndani ya toroli lake, juu ya mito miwili, imekaa cherehani.

"Mimi sijui hata kutia uzi," akasema. "Nilivutiwa na bei tu. Lakini mume wangu kaikosa ngazi hiyo kwa mtu mmoja, yuko kule amekalia mfuko wa mbolea, hataki hata kuongea. Jina langu Corinne. Twende akaione."

Delbert akalikokota boksi nyuma yake polepole. Alijua atamkuta nani kwenye mfuko wa mbolea.

Lyle hakuinuka. "Bahati yako imekuchosha?" akauliza.

"Lyle, nilikukatalia kwa tamaa. Ngazi si yangu, pesa ni ya mke wangu. Nilimharibia cherehani yake, na kuna mtoto anakuja Januari."

"Ulimharibiaje?"

"Niliipaka grisi ya basi."

Mdomo wa Lyle ukaanza kutetemeka. "Ya basi?"

"Ya gia."

Corinne akajishika mbavu. Lyle akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye mbolea, akakaa sakafuni katikati ya miguu ya watu. "Na yule dume wa ncha kumi?" akauliza akifuta machozi. "Sema kweli, nikupe cherehani."

Delbert akatupa jicho nyuma. Arlene alikuwa ameshafika na mataulo yake, anasikia. "Sita," akasema kwa sauti ndogo.

"Sita?"

"Labda nne. Kulikuwa na ukungu."

Wakabadilishana. Bei zilipishana kidogo, Twyla akalipia tofauti, hakuna aliyeandika kitu. Lyle akalibeba boksi lile begani, na Delbert akalitazama likienda mpaka lilipopotea katikati ya kofia.

Saa mbili asubuhi alikuwa sebuleni kwake. Akaiweka cherehani mezani mbele ya Verna, kando ya lile boksi la viatu. Verna akaigusa pembeni kwa kidole kimoja, kama anayepima joto la mtoto.

"Umeipataje?"

Delbert akavuta pumzi ya kujivunia. Alikuwa na miaka sitini na moja ya mazoezi. Lakini hadithi haikukaa sawa. Kila alipoishika mahali, iliteleza. Alisimama foleni, ndiyo, lakini foleni siyo. Alipata tiketi ya mwisho, lakini tiketi siyo. Mwisho akakaa akaisema kama ilivyokuwa, na grisi, na ndevu, na kwamba alisema 'bahati yangu'. Verna alicheka mpaka akashika plasta kwa mikono miwili, kisha akaacha kucheka.

"Hiyo ngazi ndiyo ile uliyokuwa ukiiangalia kwenye katalogi?"

"Ndiyo hiyo."

"Ukaitoa."

"Niliitoa. Lakini hebu niambie kitu kimoja, Verna. Wale watu wote, wamejuaje mlango gani, foleni gani, nani abadilishane na nani? Nani huwaambia?"

"Hakuna anayewaambia."

"Sasa wanajuaje?"

Delbert alikuwa ameshatoa kisu chake cha mfukoni, ameweka ncha kwenye gundi ya boksi la cherehani. Akasita. Akakikunja kisu, akamsogezea mkewe afungue mwenyewe, na yeye akaenda kukaa kiti cha mbali, mikono chini ya mapaja, kofia bado kichwani.